Nilikuwa kimya mpaka gatini

Mwanangu,

Salamu nyingi. Hapa Mji wa Kale, Mombasa, sote wazima. Kusi linavuma, samaki amepanda bei, na mamako anakuulizia kila akisikia ndege ikipita.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Umeniuliza mambo mawili: shangazi yako akija Agosti umtembeze wapi huko Liverpool, na mbona mimi ile siku uliyonitembeza huko nilikuwa kimya kutwa nzima, nikaja kufunguka jioni tulipofika kando ya maji. Ulidhani sikupapenda. La. Nilichoka, hilo siwezi kukana, lakini ukimya wangu haukuwa wa uchovu.

Kumbuka tulivyotoka. Kwako Birkenhead na Liverpool vinatazamana kama Likoni na kisiwani, mto Mersey tu kati. Nikajua tutapanda feri. Wewe ukanishusha chini ya ardhi, tukapita chini ya mto kwenye tundu walilolifungua tangu 1886, na kabla sijakaa vizuri kitini ukasema tumefika. Nimevuka mto sikuuona! Halafu ukatoa simu yenye orodha ya mahali tisa.

Uwanja wa mpira wa Anfield mzuri, lakini mimi mtu wa timu ya Bandari, unajua. Kanisa lile kubwa walianza kulijenga 1904 wakamaliza 1978. Nikatazama juu mpaka kofia ikaanguka, nawe ukaniokotea. Maduka sitayataja. Kila tulipofika ulinieleza, nami nikaitikia "ehee". Nilikuwa mtoto wa chuo mbele ya mwalimu wake, naye mwalimu nilimfunga viatu mwenyewe. Si vibaya kufundishwa na mtoto. Lakini saa saba mfululizo, mwanangu, mtu huishiwa na ehee.

Msikitini pale Brougham Terrace ndipo moyo ulipotulia kwanza. Kwa nje nyumba tu kama nyumba nyingine, mtu angeipita. Ukanisomea habari za yule wakili Quilliam, aliyesilimu baada ya kwenda Morocco, akaufungua msikiti ule 1889, siku ya Krismasi, wa kwanza Uingereza. Nilipenda nikae baada ya adhuhuri nivute uradi kidogo. Nikakuona mlangoni unatazama saa. Nikainuka.

Sasa gatini. Hili sijawahi kukueleza. Miaka ya 70, nilipokuwa karani wa kuhesabu mizigo bandarini Kilindini, meli za kampuni ya Harrison zilikuwa zikija kwetu. Nikikaa na daftari langu kwenye kivuli cha ghala, kilichokuwa mbele ya macho yangu ni tezi, nyuma ya meli: jina lake juu, na chini yake, kwa herufi nyeupe, LIVERPOOL. Nililisoma neno hilo sijui mara ngapi, jua la saa nane likiniunguza, magunia ya kahawa yakipanda kwa winchi. Sikujua ni mji wa namna gani. Kwangu lilikuwa neno la kwenye chuma.

Kwa hiyo tulipofika Albert Dock nikasimama. Na wewe, bila kukusudia, ukaniuliza swali la kwanza siku ile: "Baba, mbona hii bandari ina milango?"

Nilikujibu mpaka chai yako ikapoa. Nitarudia kidogo, maana najua hukusikia yote kwa upepo. Mto ule wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, maji hupanda na kushuka karibu mita 10. Kwetu hata bamvua kali haizidi kama mita 4, na mlango wetu ni kilindi, jina lenyewe limejieleza. Meli ikifungwa Kilindini inapanda na maji na kushuka na maji, kazi ni kulegeza na kukaza kamba. Kule ukiiacha mtoni, maji yakipwa itakalia matope na kulala ubavu. Ndipo wakajenga bwawa: meli inaingia maji yakijaa, milango inafungwa, na maji ya ndani hayana habari tena na ya nje. La kwanza walilifungua 1715. Hili la Albert ni la 1846, na maghala yake yote ni tofali, jiwe na chuma, hawakutia nguzo ya mbao kwa kuogopa moto. Mtu aliyewahi kulinda pamba ghalani anajua kwa nini.

Humo waliweka pamba, chai, tumbaku, sukari, na pembe za ndovu. Hapo kwenye pembe nilinyamaza tena, ukadhani nimechoka. Nilikuwa nahesabu tu, ni zoea.

Kisha nikaona kile kigingi cha kufungia kamba. Chuma kizima, na shingoni kamba zimekila mpaka pamekuwa laini. Nikatia kiganja. Ukanipiga picha huku ukicheka, ukasema baba anasalimiana na chuma. Kweli, nilikuwa nasalimiana nacho.

Na tuliporudi kwa feri, ile iliyopakwa michirizi ya rangi mpaka nikasema matatu imeingia majini, ukaniambia watawa wa Birkenhead walipewa haki ya kuvusha watu tangu 1330. Hilo nimewaeleza wazee barazani na wamelishika. Kilichowashinda ni kwamba abiria wa miguu analipa nauli, halafu feri inaondoka na viti vitupu. Likoni hulipi, na unasimama kifua kwa kifua na mwenye kuku.

Basi shangazi yako. Usimpeleke nilikopelekwa mimi. Yeye meli hazimhusu, na hayo makanisa atayaona kwa mbali yanatosha. Huyu mtu amekaanga viazi karai na sambusa miaka thelathini na zaidi. Tafuta Jumamosi ya kwanza ya mwezi, mpeleke soko la Granby, kule Toxteth, mtaa wenye Wasomali na Wayemeni wa siku nyingi. Mwache aonje. Atakwambia unga ulikandwa na maji baridi, mafuta hayakupata moto, bizari imezidi. Atamkosoa mwenye kibanda kwa Kiswahili naye amjibu kwa lugha yake, na wataelewana. Wewe shika mfuko ukae nyuma. Uliza. Hata unalolijua, uliza.

Mahali pawili kwa siku, si tisa. Mvukishe kwa feri, kwenda na kurudi, na umwambie avae koti hata kama jua linawaka, maana haamini kwamba jua linaweza kuwaka bila joto. Msikitini mwache mpaka ainuke mwenyewe. Akitaka kulipia chai, mwache alipe, usimwambie bei kwa shilingi.

Anakuletea achari ya embe, ubuyu, na leso mbili. Moja ni yako, nyingine usiulize, ataona mwenyewe ampe nani.

Na ile picha ya mimi na kigingi, itoe kubwa, umpe aje nayo. Wazee hapa barazani wanasema chuma cha aina hiyo kiko Kilindini, kwamba nilipiga picha nyumbani nikawadanganya. Nataka waone lile koti ulilonivika.

Babako