Safina ya Nuhu na kisafina cha Musa

SWALI: Shikamoo mhariri. Mi fundi madau hapa Bagamoyo, juzi nasoma Kutoka 2 naona mama yake Musa kapaka kisafina "sifa na lami", nikacheka peke yangu maana sifa si ndo haya mafuta ya papa tunayopaka chomboni kila siku? Sasa hiki kisafina na safina ya Nuhu ni kitu kimoja au jina tu?

JIBU: Marahaba fundi. Aisee jicho unalo! Kwenye Kiebrania neno ni lilelile, teva, na Biblia nzima linatokea sehemu hizo mbili tu, kwa Nuhu na kwa Musa. Halafu teva ni kama sanduku kuliko chombo cha safari, ndo maana Mwanzo 6 inakupa vipimo, dhiraa 300 urefu, 50 upana, 30 kwenda juu, ila usukani hautajwi, tanga halitajwi, nahodha wala. Aliyemo hana anachoendesha, anabebwa tu na Mungu, na mtoto mtoni hivyohivyo, na wote wanapona kwenye maji yanayoua wenzao.

Ila sifa usiisimamie sana, huyo ni mfasiri wetu wa pwani, Kiebrania kinataja vitu vya jamii ya lami, papa hayumo. Hata ule mti wa mvinje wa safina ya Nuhu, Kiebrania ni goferi, neno linatokea mara moja tu na mti wenyewe haujulikani. Lile sanduku la agano nalo, Kiebrania ni neno lingine kabisa, aroni.