Protini ya mfukoni na protini inayofika mwilini: majibu kwa wafugaji wa paka na mbwa Tanga

Maswali ya safari hii yametoka Tanga mjini, Muheza na Pangani, na karibu yote yanazunguka neno moja: protini.

Kopo la chakula cha paka limeandikwa protini asilimia 9, mfuko wa punje umeandikwa 26, na kopo ndilo ghali. Mbona nilipe zaidi kwa kitu hafifu? (Msomaji, Makorora)

Kabla ya kulinganisha, toa maji. Kopo la namna hiyo huwa na unyevu kama asilimia 78, kwa hiyo chakula kikavu ni 22 tu. Gawanya 9 kwa 22, zidisha kwa 100, unapata 41. Punje zina unyevu kama asilimia 10: 26 ukigawanya kwa 90 unapata 29. Kopo ndilo lenye protini nyingi. Kiwango cha unyevu kimeandikwa kwenye lebo hiyohiyo, kitafute.

Hata hivyo usizilalie hizo 41 na 29. Kinachoandikwa ni protini ghafi. Maabara haipimi protini yenyewe. Inapima naitrojeni, kisha inazidisha kwa 6.25, kwa kuwa protini kwa wastani ina naitrojeni asilimia 16. Kipimo hicho hakijui tofauti ya moyo wa ng'ombe na unyoya wa kuku. Unga wa manyoya hupita asilimia 80 ya protini ghafi, lakini ni mgumu kumeng'enywa, na lisini, methionini na triptofani zake, yaani baadhi ya vipande vinavyojenga protini, ni chache.

Mwaka 2007 paka na mbwa wengi wa Marekani na Kanada waliharibika figo, na wengi wakafa, kwa chakula chenye gluteni ya ngano kutoka China iliyotiwa melamini. Melamini ni malighafi ya plastiki. Theluthi mbili ya uzito wake ni naitrojeni, basi kipimo kikaisoma kama protini. Ilipokutana na asidi sianuriki, kemikali nyingine iliyokuwamo, ikaganda fuwele ndani ya figo. Asilimia kubwa kwenye lebo ilikuwa ya kweli kabisa kwa hesabu ya naitrojeni.

Asalaam aleikum. Paka wangu wawili wanakula punje za mbwa kwa sababu mfuko mkubwa ni nafuu. Wanaonekana wazima. Kuna ubaya? (Mama wa Chumbageni)

Waaleikum salaam, mama. Ubaya upo, tena ni wa kujificha. Protini ni mnyororo wa asidi amino. Mbwa lazima apate 10 kutoka kwenye chakula. Paka anahitaji hizo 10 pamoja na taurini, kwa sababu mwili wake hutengeneza taurini kidogo mno na huipoteza kila siku kupitia nyongo. Mahindi, soya na mchele havina taurini ya kumfaa. Iko kwenye moyo, nyama nyeusi ya kuku, samaki, ngisi na kome. Mtengenezaji wa chakula cha mbwa hana lazima ya kuiongeza.

Paka akiikosa kwa miezi mingi, sehemu ya jicho inayopokea mwanga huharibika, na moyo hutanuka na kulegea. Uhusiano wa taurini na moyo ulithibitishwa Marekani mwaka 1987, kwa paka waliokuwa wakila vyakula vya viwandani. Moyo ukiwahiwa mara nyingi hurudi. Jicho halirudi. Kwa hiyo usingoje dalili.

Upishi nao una mkono wake hapa. Mwongozo wa AAFCO, umoja wa maafisa wanaosimamia vyakula vya wanyama Marekani, unataka taurini isiyopungua asilimia 0.1 ya chakula kikavu kwenye punje, lakini 0.2 kwenye kopo. Kopo huchemshwa likiwa limefungwa, kwenye joto la karibu nyuzi 121, kwa muda mrefu kuliko punje zinavyokaa motoni. Protini iliyobadilika kwa moto huo humeng'enywa vibaya, hufika kwa bakteria wa utumbo, nao huzidi kuiharibu taurini ya paka. Protini yenyewe pia imepishana: mwongozo huo unaweka asilimia 26 kwa paka mzima na 18 kwa mbwa mzima.

Na ukimchemshia samaki nyumbani, supu usiimwage. Taurini huyeyuka kwenye maji. Changanya supu hiyo na wali wake au ugali.

Punje nilizonunua ni za kahawia iliyokoza, zinanukia kama nyama ya kuchoma, na mbwa anazigombania. Ndiyo dalili ya nyama nyingi? (Msomaji, Raskazone)

Hapana. Inaweza kuwa dalili ya lisini iliyoungua. Lisini ina ncha iliyo wazi, na kwenye joto ncha hiyo hushikana na sukari. Ni mmenyuko wa Maillard, uleule unaolipa andazi rangi yake. Ladha na harufu hupanda, ndiyo maana mbwa anapenda, lakini lisini iliyoshikwa haifunguki tumboni. Maabara nayo inaweza kudanganyika: sampuli ikichemshwa kwa asidi kali, sehemu ya lisini hiyo huachiliwa na kuhesabiwa kama nzima. Ukiwa na njia ya kumuuliza mtengenezaji, muulize lisini inayotumika mwilini ni kiasi gani, usiulize lisini yote.

Punje hupita motoni zaidi ya mara moja. Kwanza masalia ya machinjioni hupikwa ili mafuta na maji yatoke, kwenye nyuzi kama 115 hadi 145, kwa dakika 40 hadi 90 kutegemea kiwanda, kisha husagwa kuwa unga wa nyama. Halafu mchanganyiko wote huingia kwenye mashine ya parafujo yenye mvuke na mgandamizo, husukumwa kwenye tundu na kuvimba. Mwisho hukaushwa.

Watu huilaumu parafujo, na sisi tunaona wanaionea. Joto lake hufika nyuzi 110 hadi 150, lakini kwa muda mfupi na unyevu ukiwapo. Huko vimelea hufa, wanga hulainika, na vizuizi vya soya, vinavyozuia protini kumeng'enywa, huzimika. Madhara makubwa hutoka mara nyingi kwenye unga wa nyama uliopikwa kupita kiasi, au kwenye kukausha kwa moto mkali wakati unyevu umekwisha. Molasi au maziwa ya unga yakiwemo, lisini hushikwa haraka zaidi. Moto ukizidi tena, hata sisteini, asidi amino nyingine, hubadilika umbo na minyororo ya protini hufungana, vimeng'enya vikashindwa kuikata.

Kipimo chako cha nyumbani ni kinyesi. Protini isiyomeng'enywa huozeshwa na bakteria kwenye utumbo mpana: kinyesi kinakuwa kingi, laini, chenye harufu kali. Ukilinganisha mifuko miwili, badilisha taratibu kwa siku 7 hadi 10, ukianza na robo ya chakula kipya, kisha nusu, kisha robo tatu. Halafu angalia wiki mbili. Ukibadilisha siku moja, kuharisha kutakuwa kwa mageuzi yenyewe na hutajifunza kitu.

Tunatengeneza chakula cha mbwa cha kuuza: mahindi, pumba, soya na dagaa. Mbwa wa wateja wanaharisha na manyoya yanapukutika. Protini maabara ilisema 24. (Kikundi cha vijana, Muheza)

Ndugu zetu, tungeanza na soya. Soya mbichi ina vizuizi vinavyokizima kimeng'enya cha kukatia protini, kwa hiyo haijiharibu yenyewe tu, inaharibu na dagaa mliowalipia. Kukaanga kwenye sufuria kunadanganya: ganda linaungua, moyo wa punje unabaki mbichi. Loweka usiku kucha, mwaga maji, chemsha dakika 30 tangu yanapochemka, anika, kisha saga.

Pimeni kila awamu. Chukua kijiko kimoja cha unga wa soya na kijiko kimoja cha mbolea ya urea, tia maji ya uvuguvugu kwenye chupa, funga, subiri dakika 20. Ukifungua ikakupiga harufu kali ya amonia, kimeng'enya kinachoivunja urea bado kiko hai, na kama hicho ki hai, vizuizi navyo vi hai. Mchanganyiko huo umwageni mbali na wanyama. Kipimo hiki hakiwaambii kama mmezidisha moto. Kwa hilo tazameni rangi: unga uwe wa manjano hafifu, ukifika kahawia mmepoteza lisini.

La pili ni mizani. Mahindi yana upungufu wa lisini na triptofani, soya ina upungufu wa methionini. Vikikutana vinafichiana aibu, na dagaa wanaziba pengo lililobaki. Mkipunguza dagaa na kuongeza pumba, asilimia ya maabara itashuka kidogo tu, lakini asidi amino iliyo haba kuliko zote itakuwa imeshuka sana, na mwili hujenga kwa kiwango cha hiyo iliyo haba. Zinazosalia huchomwa, naitrojeni yake ikatoka kwenye mkojo kama urea. Manyoya karibu yote ni protini, tena yenye sisteini nyingi, basi upungufu huonekana huko mapema.

Mashudu ya pamba msiyatie. Yana gosipoli, inayoshika lisini na ni sumu kwa mbwa. Ya alizeti yanafaa kwa kiasi, ila nyuzinyuzi ni nyingi na lisini ni kidogo.

Pale soko la samaki la Deep Sea jioni hubaki samaki waliolala juani, wanauzwa rahisi. Nikiwachemsha sana kwa ajili ya paka si salama? (Kijana, Sahare)

Kwa vibua na jodari, si salama. Bakteria hugeuza histidini, asidi amino mojawapo ya zile 10, kuwa histamini. Ukichemsha, bakteria wanakufa lakini histamini inabaki palepale. Unakuwa umepoteza protini na kuongeza sumu. Nunua asubuhi waliokaa kwenye barafu, hata kama ni vichwa na mikia. Samaki freshi pia mchemshe: baadhi ya aina wakiliwa wabichi kila siku huharibu vitamini B1 ya paka, na moto unakizima kimeng'enya kinachofanya hivyo.

Chakula cha kuku wa nyama kina protini 20 na zaidi. Mbwa anaweza kula? (Msomaji, Pongwe)

Usimpe. Vingi hutiwa dawa ya kuzuia koksidia, vimelea vya utumbo wa kuku, kama salinomisini au monensini, ambazo zinaweza kumlemaza mbwa au paka. Cha kuku wa mayai kina chokaa nyingi mno kwa mtoto wa mbwa, mifupa itakua vibaya.

Lebo imeandika "nyama na mazao ya wanyama". Ni mnyama gani? Nyingine imeanza na "kuku freshi". (Msomaji, Ngamiani)

Maneno ya jumla humpa mtengenezaji nafasi ya kubadilisha malighafi kila awamu kufuata bei, na ubora wa protini hubadilika nayo. Inaweza kuwa mapafu na ini, ambavyo ni vizuri, au ngozi na kano, ambavyo ni kolajeni isiyo na triptofani. Kama swali lako pia ni la nguruwe, maneno hayo hayamtaji wala hayamwondoi. Chagua lebo inayomtaja mnyama.

Kuhusu kuku freshi: viungo hupangwa kwa uzito kabla ya kupikwa. Kilo 20 za kuku mwenye maji asilimia 70 zinabaki kilo 6 zikikauka. Kilo 15 za mahindi yenye unyevu wa asilimia 12 zinabaki kilo 13 na ushei. Kwenye lebo kuku anatangulia, kwenye bakuli mahindi ni zaidi ya mara mbili yake. Unga wa kuku uliotajwa nafasi ya pili unaweza kuleta protini kuliko kuku freshi wa nafasi ya kwanza.

Mfuko sina uwezo nao. Mbwa wangu ana kilo 10, nimpe nini? (Mzee, Pangani)

Shikamoo mzee. Kwa siku: unga wa dona gramu 120, dagaa wakavu gramu 40, na kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia. Inakuja protini kama gramu 33, kiasi kinachomtosha mbwa mzima wa uzito huo, na mifupa ya dagaa inaleta chokaa. Dagaa walioanikwa mchangani waoshe kwanza: tikisa kiganja kimoja kwenye bakuli la maji na utaona kilichozama. Wa chumvi waloweke. Twanga, pika ndani ya ugali, usiwatoe na maji. Mara mbili kwa wiki ongeza ini la kuku la ukubwa wa kidole gumba, na yai lililoiva. Lisiwe bichi, maana ute mbichi unazuia umeng'enyaji. Mahindi yenye kuvu usimpikie hata kidogo: sumukuvu haifi kwa moto, na ini la mbwa ni dhaifu mbele yake. Kwa mtoto wa mbwa au jike mwenye mimba kipimo hiki hakitoshi, muone daktari wa mifugo akupangie.

Mfuko wa kilo 15 unakaa kwangu miezi mitatu. Unapoteza nguvu? (Msomaji, Mwambani)

Ndiyo, hasa kwa joto na unyevu wa huku pwani. Mafuta yanachacha, na mabaki ya mafuta yaliyochacha hushikana na lisini kama sukari inavyofanya. Mbwa wa kilo 10 anakula kama gramu 180 za punje kwa siku, basi mfuko wa kilo 5 unamtosha mwezi mmoja. Acha punje ndani ya mfuko wake, kunja mdomo, tumbukiza mfuko mzima kwenye ndoo yenye kifuniko, weka juu ya ubao mbali na ukuta. Usimimine punje mpya juu ya za zamani kwenye ndoo tupu: mafuta ya zamani yaliyoganda pembeni yanachachusha na hizo mpya. Na dukani, punje za kupimwa kwa kilo kutoka kwenye gunia lililo wazi huna njia ya kujua zilifunguliwa lini.