Walinzi wa utandoni: barua kwa mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Hatujambo hapa nyumbani, na barua yako tumeisoma mimi na mama yako. Umeniuliza jinsi mishipa ya damu inayouzunguka ubongo inavyosaidia kinga ya mwili, nami, kama unijuavyo, nitaanza na kwa nini watu walichelewa kuliamini jambo hilo.

Nilipokuwa chuoni nilimwuliza mkufunzi wetu hivi: ikiwa seli za kinga haziingii ubongoni, nani hutambua kwamba adui amefika? Alinijibu mbele ya wenzangu kwamba hilo ni swali la mtu asiyesoma, darasa likacheka, na hadi leo kicheko kile nikikikumbuka kinaniuma. Nilishikilia wakati ule, na bado nashikilia, kwamba mwili hauachi mlango bila mlinzi.

Hata hivyo, vitabu vilikuwa upande wake. Mwaka 1948 Peter Medawar, mtafiti wa kinga ya mwili, alipandikiza ngozi ngeni katika ubongo wa sungura, nayo ikadumu bila kukataliwa na kinga. Lakini hapo hapo najipinga tena, kwa kuwa sungura ambao kinga yao ilikwisha kufunzwa kuitambua ngozi ya aina ile kuwa adui waliikataa hata ubongoni, na wasomaji wengi walilipita hilo haraka.

Sasa nikujibu. Kuta za kapilari, yaani mishipa midogo kabisa ya damu, zilizo ndani ya ubongo zimebanana sana, ila mishipa ya utando mgumu unaoufunika ubongo hupitisha vitu kwa urahisi zaidi, na katika vena zake pana, zinazokusanya damu itokayo ubongoni, damu huenda polepole. Kijidudu kilichomo kwenye damu kingepata nafasi hapo, na hapo ndipo walinzi walipopangwa. Mwaka 2015 watafiti wa Virginia na wa Helsinki walionyesha, kwa panya, mishipa ya limfu, ile inayosafirisha majimaji ya mwili na seli za kinga, kandokando ya vena hizo. Mwaka 2020 ikaonekana kwamba seli zinazotoa IgA, aina mojawapo ya kingamwili (protini zinazonasa vijidudu), nazo zikiwa zimefunzwa kazi utumboni, zimejipanga pembeni mwa vena hizo hizo, na panya walioondolewa seli hizo utandoni waliingiliwa na kuvu ubongoni. Mwaka uliofuata tukajua kwamba chembe zinazotoka na majimaji ya ubongo hukusanywa hapo na kuonyeshwa seli T, askari wa kinga wanaozunguka na damu, kwa hiyo ubongo hukaguliwa bila wakaguzi kulazimika kuingia ndani. Utumbo kuulinda ubongo! Niliposoma habari hiyo nilimwamsha mama yako usiku.

Utataka niseme kama mkufunzi yule alinikosea. Hakuwa na namna ya kuyajua haya, na hilo namwachia; lakini kuliruhusu darasa licheke ni jambo lingine, na sasa ni marehemu, hawezi kujitetea. Jibu ninalo, nalo nitalizuia, ingawa kwa shida. Wewe niandikie kama huko wanawafundisha habari za utando huu, au bado wanaishia kwenye kizuizi cha kapilari peke yake.

Baba yako