Muulize Mzee wa Kamera: Laki sita, kwaya ya shule na zumu ya uongo

Shikamoo Mzee wa Kamera. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Muheza. Natafuta kamera ya video ya mambo ya kawaida tu: mahafali ya darasa la saba, kwaya, mechi za UMITASHUMTA na shughuli za nyumbani. Si biashara. Nimejikusanyia laki sita. Dukani Tanga nimeonyeshwa kamera ndogo mpya ya laki tatu na nusu, boksi limeandikwa 4K, megapikseli 48, zumu mara 16. Kaka yangu aliyeko Houston ameona Sony HDR-CX405 iliyotumika, anaweza kuja nayo Desemba. Mwenzangu hapa shuleni naye anauza ya kanda za MiniDV kwa laki moja. Nichukue ipi, na nirekodi kwa fomati gani? Au nibaki na simu yangu?
— Mwalimu, Muheza

Marahaba, mwalimu. Hiyo ya boksi la 4K mwachie mwenye duka.

Zumu yake ya mara 16 si ya lenzi. Kamera inachukua kipande cha katikati ya picha na kukikuza mpaka kijae skrini, jambo ambalo hata simu yako inalifanya. Namba za boksi zisikubabaishe. Siku nyingine ukishikishwa kamera dukani, toka nayo mlangoni, elekeza kwenye bango la ng'ambo ya barabara, vuta mpaka mwisho, halafu jaribu kusoma herufi ndogo. Zikiwa zimemumunyuka, umeshapata jibu. Na utazame kando ya lenzi: kamera yenye zumu ya kweli kwa kawaida huandikwa Optical karibu na namba. Watengenezaji hawasahau kuandika neno hilo wakiwa wanalo.

Sony ya kaka yako ina zumu ya lenzi mara 30. Panasonic HC-V180 inafika 50, Canon Legria HF R806 ni 32. Ukiwa nyuma ya goli moja unamwona vizuri mtoto anayepiga penalti kwenye goli la pili, ilimradi kamera iko kwenye stendi. Bila stendi, zumu ya mara 30 inageuka tetemeko. Tenga pesa ya stendi kabla hujanunua begi, mkanda na mapambo mengine.

Katika hizo tatu, kwa ajili ya kwaya mimi ningechukua Canon, kwa sababu ina tundu la maiki ya nje. CX405 haina. Nimerekodi harusi tangu enzi za VHS, na hakuna aliyewahi kunirudia kulalamika kuhusu pikseli. Wanaorudi wanalalamika hawasikii maneno ya shehe au ya padri. Ukibaki na Sony, isogeze hadi safu ya mbele, na usiiweke karibu na spika, maana maiki yake itakoroma.

Kuna jambo moja kaka yako hatalijua. Umeme wetu una mizunguko 50 kwa sekunde, wa Marekani 60. Kamera ya soko la Marekani hurekodi fremu 60 au 30 kwa sekunde. Za soko letu 50 au 25. Ukirekodi na ya kule chini ya taa zetu za tyubu, na baadhi ya taa za LED, picha inapepesa. Kwa kamera inayokuruhusu kupanga shata, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga, weka 1/100 ya sekunde, mpepeso unapungua sana. Mahafali ya mchana chini ya maturubai hayana shida hiyo, wala mechi. Kama una ndugu Dubai au Muscat, kumbuka kwamba huko umeme ni wa 50 kama wetu.

Fomati sasa. CX405 ina tatu kwenye menyu: XAVC S, AVCHD na MP4. Hiyo MP4 yake ni ya picha ndogo, nzuri kwa kutuma kwenye simu, si ya kuhifadhi. AVCHD ilitangazwa na Sony na Panasonic mwaka 2006, na bado inafanya kazi, ila ina vurugu zake: video zinakaa ndani ya folda lenye folda lenye folda, na rekodi ndefu hukatwa vipande. Watu huokota baadhi ya faili za MTS, yaani vile vipande vya video, wakaacha mengine, kisha wanashangaa wimbo unaruka kwenye maungio. Ukiitumia, nakili folda lote la PRIVATE, lile la nje kabisa, kama lilivyo.

Ningekuwa wewe ningerekodi kwa XAVC S. Faili lake nalo linaishia na MP4, ingawa si ile ya picha ndogo, linafunguka kwenye simu na kompyuta bila programu ya kuhangaikia. Gharama yake ni nafasi: kwa megabiti 50 kwa sekunde, saa moja inakula gigabaiti 22 na nusu. AVCHD ya megabiti 17 inakula chini ya 8. Kwa hiyo kadi ya 64 inabeba karibu saa tatu za XAVC S, au saa nane za AVCHD. XAVC S kwenye CX405 inadai kadi ndogo ya microSDXC, yaani kuanzia 64, ya Class 10 au yenye kasi zaidi. Kadi za bei ya maandazi zinazouzwa barabarani zinajiandika 128 na ndani mna 16, kwa hiyo ijaze hadi mwisho nyumbani kabla ya siku ya shughuli. Na 4K? Kwa megabiti 100, saa moja ni gigabaiti 45. Kompyuta mpakato ya shule itagoma kabla ya wageni kuondoka.

MiniDV ya mwenzako mkatalie kwa upole. Picha yake haikuwa mbaya, lakini kanda ya dakika 60 huchukua dakika 60 kuihamisha, tena kwa waya wa FireWire ambao kompyuta za siku hizi hazina tundu lake.

Simu usiiuze. Vihisi vya kamera hizi za bei nafuu, yaani sehemu inayopokea mwanga, ni vidogo sana, na ukumbini usiku picha inajaa chenga. Simu nzuri itazishinda hapo. Atatokea pia mtu wa kukushauri ununue kamera ya picha za mnato iliyotumika. Nyingi kati ya hizo hujizima zikifika dakika 29 na sekunde 59, kikomo kilichotokana na ushuru wa Ulaya kwa vifaa vya kurekodi video. Mgeni rasmi hajawahi kumaliza hotuba kwa dakika hizo.

Basi, kati ya zile ulizopata, mwambie kaka alete Sony, na betri ya pili aina ya NP-BX1. Kabla ya kulipa afungue na kufunga skrini mara kadhaa huku kamera ikirekodi. Picha ikikatika, waya wa bawaba umechoka, aiache.

Mzee, shikamoo. Nina visahani vidogo vya DVD vya harusi yetu ya 2007, vilitoka kwenye kamera ya shemeji. Deki haivisomi, kompyuta inasema hamna kitu. Vimekufa?
— Mume wa mtu, Morogoro

Marahaba. Huenda vizima kabisa. Visahani hivyo vya sentimeta 8, vya gigabaiti 1.4, vilihitaji kufungwa kwa amri ya Finalize baada ya kurekodi, na wengi hawakuifanya. Mtafute shemeji, mtafute na chaja yake, uweke kisahani kwenye kamera ileile na kutoa amri hiyo betri ikiwa imejaa. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, kisahani kinaweza kuharibika kweli. Kikishasomeka, nakili kwenye kompyuta siku hiyohiyo. Wala usikitie kwenye redio ya gari inayomeza diski; hakitatoka.