Tiketi ya spidi ya Pennsylvania kwa leseni ya New York
Ndugu, kama leseni yako ni ya New York na umepigwa tiketi ya spidi Pennsylvania, pumua. New York haimwekei dereva wa gari dogo pointi (alama za makosa kwenye leseni) za spidi za jimbo lingine. Cha kuchekesha, za Ontario na Quebec kule Kanada inaziweka! Dereva wa lori mwenye leseni ya biashara, hapo ni habari nyingine. Ila karatasi usiitupie kwenye droo ya gari. Usipojibu, Pennsylvania inaiarifu New York, leseni inasimamishwa, nawe unakuja kujua siku trafiki amekusimamisha kwa taa ya nyuma iliyoungua. Leseni yako ingekuwa ya New Jersey, tiketi hiyo ya Pennsylvania ungeilia pointi 2.