Mashine na Waraka: Kwa Ninyi Mnaoanza Kazi ya Afya Kando ya Ziwa

Ninyi mnaoripoti kazini mwaka huu, wauguzi, matabibu, watu wa maabara na vijana wa TEHAMA mliopangiwa Mwanza, Sengerema, Buchosa, Ukerewe na visiwa vyake, karibuni sana. Nawaandikia jambo ambalo chuoni tulifundishwa kwa vipande viwili visivyokutana. Kuna kipindi cha mifumo na mashine, na kuna kipindi cha sera na miongozo, kila kimoja na mwalimu wake. Ukifika kituoni wakati wa mlipuko unavikuta vyote mezani kwa pamoja, saa nane usiku, na mgonjwa anahema mbele yako. Nimefanya kazi kanda hii kabla ya UVIKO-19, wakati wake na baada yake. Ninachokiamini ni kwamba mashine haifiki mbali kuliko sera iliyo nyuma yake, na waraka wa wizara hauna nguvu mpaka apatikane mtu mwenye kifaa, mafuta na laini ya simu ya kuutekeleza. Mtu huyo ni wewe.

Nianze na takwimu, maana ndiko wengi wenu mtakakopewa kazi mwanzoni. Mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, Arusha. Siku iliyofuata shule zikaagizwa kufungwa. Wakati huo sampuli za nchi nzima zilipimwa Dar es Salaam, kwenye Maabara ya Taifa ya Afya ya Jamii, kwa hiyo sampuli ya mtu wa Mwanza ilisafiri zaidi ya kilomita 1,000 ndipo ipate jibu. Mwanzoni mwa Mei wagonjwa waliotangazwa nchini walifika 509 na vifo 21, kisha takwimu hazikutolewa tena kwa zaidi ya mwaka. DHIS2, mfumo wa kompyuta unaokusanya takwimu za vituo vyote, haikuzimwa. Rejista za MTUHA, vile vitabu vya kuandikia wagonjwa kituoni, ziliendelea kujazwa, ripoti za mwezi ziliendelea kupanda. Ila ugonjwa usio na kipimo hauna safu ya kuingilia kwenye mfumo, na mgonjwa asiyepimwa aliandikwa nimonia, akahesabiwa nimonia.

Hili mlishike mapema, kwa sababu litawakuta tena kwenye mlipuko mwingine, pengine wa ugonjwa ambao bado hauna jina. Vitendanishi, yaani dawa za kupimia sampuli, vinaweza kuisha. Maabara inaweza kuwa mbali. Maelekezo ya nini kitangazwe na nani hayatoki kwako. Lakini rejista ni yako, na hakuna aliyewahi kukukataza kuandika ulichokiona: umri, anakotoka, dalili zilianza lini, oksijeni ilisoma ngapi alipofika, alihitaji lita ngapi. Nimonia za watu wazima zikipanda ghafla katika majira yasiyo yake, hiyo ni taarifa. Mitungi ya oksijeni iliyokuwa ikikaa wiki ikianza kuisha kwa siku moja, hiyo nayo ni taarifa, na mara nyingi mtunza stoo huiona kabla ya daktari. Mzoee mtunza stoo. Kila Jumatatu muulize ametoa mitungi mingapi.

Kwa kuwa tumefika kwenye oksijeni, nitakaa hapa kidogo. Ndiyo sehemu ambayo nimeona watu wakipotea na nimeona watu wakiokolewa kwa vitu vidogo sana.

Kile kifaa kinachobanwa kidoleni ni kizuri, ni rahisi, na mtu yeyote hujifunza kukitumia kwa dakika mbili. Ndiyo sababu watu wanakiamini kupita kiasi. Kinapitisha mwanga kwenye kidole na kukisia oksijeni ya damu kutokana na mwanga unaotoka upande wa pili. Kidole cha baridi cha mtu aliyevushwa na mtumbwi usiku, rangi ya kucha, hina nyeusi ya bibi harusi, vyote vinaweza kukidanganya. Rangi ya ngozi pia. Desemba 2020 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo yaliyonishtua: kati ya wagonjwa weusi ambao kifaa kiliwasomea asilimia 92 hadi 96, karibu 12 katika kila 100 walikuwa chini ya 88 walipopimwa damu yenyewe. Kwa wazungu walikuwa chini ya 4 katika kila 100. Sasa tazameni wodi zetu, tazameni ngozi zetu. Mwongozo wa WHO uliweka chini ya 90 kuwa ndiyo alama ya ugonjwa mkali, na mstari huo umechorwa kana kwamba kifaa kinasoma sawasawa kwa kila mtu. Kwa hiyo kikikusomea 93 na mama anavuta pumzi kwa mabega, hawezi kumaliza sentensi, mwamini mama. Hesabu pumzi zake kwa dakika nzima, saa mkononi. Andika namba zote mbili, ya kifaa na ya pumzi, ili atakayempokea kwenye rufaa aone kwa nini ulimtuma.

Kisha hesabu ya mtungi. Mtungi mkubwa uliojaa una lita kama 7,000. Mgonjwa wa lita 10 kwa dakika anaumaliza kwa saa 11 na ushee. Wa lita 15 anaumaliza kabla ya saa 8 kwisha. Wakiwa wawili, na gari la kujazia mitungi linarudi kesho mchana, hesabu hiyo unatakiwa uwe umeshaifanya jioni, kabla ya kukabidhi zamu. Mashine ndogo za kuzalisha oksijeni zinazosukumwa kando ya kitanda hazihitaji mtungi, ila zinahitaji umeme muda wote, na nyingi haziwezi zaidi ya lita 5 au 10. Mitambo mikubwa hufanya kazi kwa kanuni hiyohiyo: inavuta hewa ya kawaida, inaizuia naitrojeni kwenye chembechembe maalumu, na kinachobaki ni oksijeni ya kiasi cha asilimia 93. Umeme ukikatika na jenereta haina dizeli, mtambo wa mamilioni unakuwa chumba chenye mabomba.

Na hapa ndipo sera inapoingia wodini bila kubisha hodi. Oktoba 2021 Serikali ilizindua mpango wa shilingi trilioni 1.3 uliotokana na mkopo wa IMF wa dola milioni 567, na sehemu ya fedha hizo ilijenga majengo ya dharura na vyumba vya uangalizi maalumu, ikanunua magari ya wagonjwa na vifaa. Nawaambia kwa moyo wote, ule ulikuwa uamuzi mzuri. Lakini fedha za kununua na fedha za kutunza hazitoki mfuko mmoja. Vichujio, dizeli, fundi wa kuja kila baada ya miezi kadhaa, hayo yanatakiwa yaandikwe kwenye mpango kabambe wa afya wa halmashauri na kwenye bajeti ya kituo chenu. Kikao cha kupanga bajeti hiyo ni kirefu, na vijana wengi hukikwepa. Nendeni. Kaeni hadi mwisho. Mkiona mstari wa matengenezo haupo, semeni mbele ya kamati ya usimamizi ya kituo, na muombe iandikwe kwenye muhtasari.

Chanjo ya UVIKO-19 nayo ilinifundisha mengi. Dozi 1,058,400 za Janssen zilifika nchini tarehe 24 Julai 2021, na siku nne baadaye Rais Samia alichanjwa hadharani. Ilikuwa chanjo inayotufaa sana watu wa ziwani. Sindano moja tu, na inakaa kwenye jokofu la kawaida la chanjo, nyuzi 2 hadi 8, wakati nyingine za wakati ule zilitaka ubaridi wa nyuzi 70 chini ya sifuri. Mtu wa kambi ya uvuvi huwezi kumwahidi sindano ya pili. Utamkuta wapi?

Lakini utaratibu wa kuanzia ulikuwa wa mtu mwenye simu janja. Unaingia kwenye tovuti, unajaza taarifa na namba ya kitambulisho, unachagua kituo kati ya vichache vilivyoteuliwa, unasubiri ujumbe. Kwa mtu wa Capripoint au Isamilo, pale Mwanza mjini, hakuna tatizo. Lakini mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, mvuvi mmoja aliniambia, mkono mmoja umeshika wavu: "Sista, mimi leo niko hapa, kesho niko Maisome, na simu yangu imelowa. Hiyo meseji itanikuta wapi?" Hakuwa mtu wa kupinga chanjo. Alikuwa tayari kukunja shati palepale. Mambo yalibadilika mpango shirikishi na harakishi ulipoanza baadaye mwaka uleule, chanjo ikaruhusiwa kupelekwa kwenye vijiji, minada na mialo, na watu kuandikishwa kwenye karatasi kisha taarifa zikaingizwa kwenye mfumo usiku. Kompyuta zilikuwa zilezile na chanjo ileile. Kilichobadilika ni ruhusa.

Kwenye huduma za mkoba, mnapowafuata watu walipo, mtakutana na hesabu nyingine. Kichupa kimoja cha Janssen kilikuwa na dozi 5, na kikishatobolewa kina saa 6. Yupo mtu mmoja mbele yako, wengine wanne wako majini. Unafungua au unamrudisha? Taarifa ya matumizi ya chanjo inauliza dozi zilizopotea, na msimamizi anayesoma asilimia tu atakuuliza kwa nini umepoteza 4. Msimamo wangu ni kufungua. Aliyevuka maji kukufuata usimrudishe. Andika sababu kwenye fomu, na kabla ya kuondoka wilayani zungumza na mratibu wa chanjo ili mkubaliane hivyo mapema, lawama isije ikakuangukia peke yako.

Jambo jingine la mialoni: ratiba ya ofisi inafuata tarehe, wavuvi wa dagaa wanafuata mwezi. Usiku wa giza wako ziwani na taa zao, asubuhi wanashusha na kuanika, mchana wamelala. Siku za mbalamwezi hawaingii ziwani, wengine wanashona nyavu kambini na wengine wanarudi makwao. Ukipanga kampeni kwa kuangalia kalenda ya ukutani peke yake, utafika na kibebeo cha chanjo ukute mbwa na watoto. Muulize mwenyekiti wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, kabla hujaandika tarehe, na kalenda ya mwezi iwekwe kwenye kikao cha kupanga ratiba.

Mtasikia pia habari za ndege zisizo na rubani. Zilikuwepo kweli. Mwaka 2018 kampuni ya DHL na wenzake walirusha dawa kutoka bara hadi Ukerewe, kilomita 60 kwa dakika 40 hivi, safari ambayo kwa barabara na kivuko inakula saa 6 hivi. Ulikuwa mradi wa majaribio wa miezi 6. Uliruka vizuri, ukaisha. Mkiletewa jaribio kama hilo, lipokeeni kwa furaha, ila ulizeni siku ya kwanza ni bajeti ya nani itakayolipia safari ya siku ya kwanza baada ya mradi kufungwa. Meli ya Nansio na kivuko cha Rugezi ndivyo mtakavyovitumia, basi jueni ratiba zake kwa kichwa na muwe na namba ya nahodha.

Kuhusu kutoa taarifa, kanda yetu imeonja uchungu wake. Marburg, homa kali ya virusi inayoua wengi, ilitangazwa Bukoba tarehe 21 Machi 2023. Wagonjwa 9, vifo 6, na miongoni mwao watumishi wa afya. Ikaja tena Biharamulo mwanzoni mwa 2025, na wote 10 waliohesabiwa walifariki. Magonjwa ya namna hii yanatakiwa kuripotiwa ndani ya saa 24, na mfumo wa kielektroniki wa ufuatiliaji wa magonjwa unaruhusu kufanya hivyo hata kwa simu ya kitochi, bila bando. Teknolojia imerahisisha kabisa. Kinachochelewesha ni woga: mtumishi mpya anaogopa kuripoti kitu kitakachokuja kuwa malaria kali, aonekane mzushi. Taarifa ya tetesi haihitaji uwe na uhakika. Vaa glavu, mtenge mgonjwa, ripoti, kisha mwite mganga mfawidhi. Kipimo kikirudi hasi, umefanya kazi yako sawasawa.

Majina ya wagonjwa msiyaweke kwenye makundi ya WhatsApp, hata kundi la watumishi watupu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na picha ya ukurasa wa rejista ikishatoka haina njia ya kurudi. Tumia namba ya mgonjwa, au piga simu.

La mwisho ni wale waliogusana na mgonjwa. Kwa Marburg wanafuatiliwa siku 21, joto linapimwa kila siku, linaingizwa kwenye simu au kompyuta kibao. Fomu ni safi, ina rangi ya kijani kwa aliyepatikana na nyekundu kwa aliyekosekana. Aliyekosekana mara nyingi hajakimbia. Amekwenda ziwani, kwa sababu watoto wake wanakula kinachovuliwa leo. Kabla hujamwambia mtu abaki nyumbani, hakikisha umeongea na mtendaji wa kijiji na afisa ustawi wa jamii, mmejua ni nani anayeleta unga, maharage na mafuta ya kupikia, na analeta siku gani. Jina la mtu huyo na namba yake ya simu uiandike kwenye fomu hiyohiyo, chini ya joto la siku ya kwanza.