Nani hapo hajui kuwa ni mchezo?

Ndugu Mhariri,

Wiki iliyopita mliuliza: "Ni kichekesho gani cha luninga kilichokushangaza kwa kutofanana na vingine, na mgeni wa vitu hivyo aanzie wapi?" Jibu langu ni vile vinavyovaa nguo za rialiti, yaani vipindi vinavyorekodi watu halisi wakishindana au wakiishi maisha yao. Ukivikuta katikati utadhani ni shindano, au kipindi cha kusaidia wafanyabiashara, au kamera zimeingia ofisini kurekodi kazi za watu. Kumbe ni komedi toka dakika ya kwanza. Na mgeni aanze na swali moja, asiliache kila anapotazama: kati ya hawa wote, nani hajui kuwa ni mchezo?

Mzaha wa kuiga haumchekeshi mtu asiyekijua kinachoigwa. Hapo sisi hatuna upungufu. Big Brother Africa ilianza 2003, Mwisho Mwampamba akiwa mmoja wa waliofungiwa humo. Richard Bezuidenhout akashinda 2007. Idris Sultan naye akashinda 2014, na huyo ni mchekeshaji kwa kazi. Tukawa na meza ya majaji ya Bongo Star Search, tukawa na kijiji cha Maisha Plus. Kwa hiyo ada zote tunazijua: ule ukimya mrefu kabla jina halijatajwa, ngoma inayodunda chini kwa chini, mtu kuketi peke yake akimsema mwenzake, halafu picha inahamia kwa huyo mwenzake anayekula wali bila habari. Vichekesho hivi vinachukua ada hizohizo na kuzipeleka mahali zisipostahili.

Aina nyepesi ni ile ambayo wote wanajua: waigizaji wanajua, watazamaji wanajua, kamera tu ndiyo inajifanya haijui. The Office ya Uingereza, ya Ricky Gervais na Stephen Merchant, ilianza 2001 kwa mtindo huo. Hakuna kicheko cha kupandikiza, hakuna muziki wa kukuambia cheka sasa. Karibu na nyumbani kuna The Samaritans ya Kenya, kuhusu shirika la misaada liitwalo Aid for Aid ambalo halisaidii mtu. Aliyewahi kukaa kwenye semina ya wafadhili, akagawiwa kalamu na chupa ya maji, atawatambua wahusika wote.

Ukitazama aina hii, angalia kamera kuliko waigizaji. Mlango ukifunguliwa huku kamera ilishauelekea tangu kabla, umepangwa; mtazamaji anajua hilo hata kama hawezi kulieleza. Ndiyo maana mpiga picha wa vichekesho hivi huchelewa kwa makusudi. Sauti inasikika kwanza, picha inageuka kuitafuta, inavuta karibu, inapoteza ukali kidogo, ndipo inamkuta mhusika uso umeshambadilika. Hiyo nusu sekunde ya kuchelewa ndiyo inayotufanya tuamini.

Aina ya pili ndiyo tamu, nayo ndiyo ya hatari: wote wanajua isipokuwa mmoja. The Joe Schmo Show ya Marekani, 2003, ilimweka kijana mmoja kwenye shindano la jumba la kifahari ambamo washindani wenzake wote walikuwa waigizaji, kila mmoja kapewa sura ya mtu tunayemjua kwenye rialiti: mjanja, tajiri mwenye dharau, rafiki mwema. Aliyetolewa, sahani yenye picha yake ilitupwa mekoni na kuvunjika, mtangazaji akitamka maneno ya mazishi. Kijana hakushtuka. Na kwa nini ashtuke? Rialiti za kweli zina mambo ya kipuuzi kuliko hayo. Mwaka 2005 Channel 4 ya Uingereza ikawadanganya watu kwamba wako Urusi wakifunzwa kwenda anga za juu, katika Space Cadets. Ukweli ni kwamba ndege iliwazungusha usiku na kuwatua Suffolk, Uingereza hukohuko, kwenye kambi ya zamani ya jeshi. Soketi za ukutani zilibadilishwa ziwe za kigeni. Na mbona hawakuelea? Waliambiwa chombo chao kinaishia anga ya karibu tu.

Ustadi wa kazi hizi umejificha hapo. Uongo hausimami kwa kuwa mkubwa. Unasimama kwa kuwa na jibu tayari kwa kila "mbona".

Kwa sababu hiyo mgeni ningempa Jury Duty ya 2023 kabla ya vyote. Kwanza nieleze jambo ambalo kwetu si la kawaida: Marekani raia huitwa mahakamani kuamua kesi pamoja, wakati sisi tulizoea wazee wa baraza wanaomshauri jaji. Ronald Gladden alijibu tangazo, akaambiwa kuna watu wanatengeneza filamu kuhusu kazi hiyo ya uraia. Jaji, mawakili, wenye kesi na wajumbe wenzake wote walikuwa waigizaji. Jaji mwenyewe alichezwa na mwanasheria wa kweli, Alan Barinholtz, na lugha ya mahakama ikatiririka bila kukwama. Mwigizaji maarufu James Marsden alijiigiza mwenyewe, ila mwenye kiburi zaidi. Ule uongo wa kwanza unafanya kazi mbili: kwa kuwa Ronald anajua anarekodiwa, kamera za wazi hazihitaji kufichwa, na kila kituko kinaonekana ni bahati ya watengeneza filamu. Na umaarufu wa Marsden ukageuzwa sababu ya kuwafungia wajumbe wote hotelini, mbali na simu na watu wa nje ambao wangeweza kulivujisha jambo.

Waigizaji hawakuweza kukariri tu, maana mtu mmoja kati yao hakuwa na maandishi. Walijua tukio linaelekea wapi. Maneno waliyaokota papo hapo kufuatana na alichosema Ronald. Naye alikuwa mwungwana kupita matarajio, na mwisho alipewa dola 100,000. Sehemu ziko 8, za takribani nusu saa. Kwa ubora wa kawaida wa picha, intaneti hula kama GB 1 kwa saa, kwa hiyo zote zitamaliza GB 4 hivi. Ukiweka HD zidisha mara tatu. Washa maandishi ya Kiingereza chini, wanazungumza wakiingiliana. Sehemu ya 8 inafungua pazia. Ukiimaliza rudi ya kwanza, safari hii mwache Ronald, watazame waliokaa nyuma yake wakijiuma midomo.

Mchekeshaji Nathan Fielder mwache awe wa mwisho, si wa kumkaribishia mgeni. Katika Nathan for You anajifanya mshauri wa biashara. Februari 2014 alifungua mgahawa Los Angeles uliofanana kila kitu na Starbucks, ile mikahawa maarufu ya kahawa, akaongeza neno moja la "mpumbavu" mbele ya jina, watu wakapanga foleni mpaka maofisa wa afya walipoufunga kwa kukosa kibali. The Rehearsal ya 2022 inakwenda mbali zaidi, anajenga nakala nzima ya baa ili mtu afanye mazoezi ya kuungama jambo kwa rafiki yake. Humo ndani jibu la "nani hajui" linapotea kabisa. Wengine huona ni kipaji, wengine huona ni ukatili. Mimi naona vyote viwili, na sehemu zenye mtoto mdogo ziliniacha na kinyongo.

Sisi tusijifanye wageni wa haya. Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia ya misafara, na utani wa Wazaramo na Wanyamwezi umeota kwenye njia hiyohiyo. Mtani anaingia msibani, anavaa nguo za marehemu, anatembea kama yeye, anadai deni lake. Wafiwa wanacheka machozi yakiwatoka. Hiyo ni komedi yenye mtu halisi katikati, ila ina kibali: kila aliyepo anajua nani mtani wa nani. Pranki nyingi za mtandaoni zinakosa hicho. Zinamkuta muuza maji au dereva wa bodaboda, zinamtisha, zinacheka hofu yake, na yeye hajapata kitu.

Vijana wa TaSUBa, chuo chetu cha sanaa hapa Bagamoyo, au wengine wenye simu mbili, wanaweza kujaribu ile aina nyepesi. Mfano: shindano la kumtafuta mpiga mnada bora wa samaki. Majaji watatu wenye miwani myeusi wameketi juu ya ndoo zilizogeuzwa, wanajadili hisia za mtu aliyetoka kunadi fungu la vibua. "Bei nimeisikia, lakini sijakuamini." Anayetolewa anakabidhi ndoo yake. Kwa dakika 5 inatosha kurasa 3 za muhtasari bila mazungumzo, wahusika 4 au 5, maiki mbili za kubana kwenye kola, na picha za saa nzima za kuchagulia. Fanyeni baada ya mnada wa kweli kwisha, msimharibie mtu soko.

Kiti cha ungamo, kile cha mtu kuketi peke yake akisema ya moyoni, kiwekeni pembeni ya dirisha. Anayeuliza aketi ubavuni mwa simu, kichwa chake usawa wa lenzi, mhusika amtazame yeye. Swali litakatwa, hivyo jibu lazima lilibebe ndani yake: "ndiyo, imeniuma" haifai, "kutolewa na jaji asiyetofautisha kibua na changu, imeniuma" inafaa. Nyuma yake kuwe na kitu kinachomkanusha. Anasema ametulia, huku mwenzake anaondoka na ndoo.

Kinachoharibu mara nyingi ni uigizaji wa jukwaani, sauti ya kumfikia aliyekaa mstari wa mwisho. Wote wakitaka kuchekesha, hakuna aliyebaki wa kushangaa. Mmoja lazima awe mtu wa kawaida kabisa. Kisha upepo. Kusi likishika kasi mchana, maiki haisikii kingine, kwa hiyo malizeni ufukweni kabla ya saa 4 asubuhi na mfunge sponji juu ya maiki. Rekodini pia sekunde 60 za sauti tupu ya mahali, mtu asiseme. Bila hiyo, mkikata katikati ya adhana au mlio wa bodaboda, mshono utasikika.

Na bahari. Hapa maji yakipwa ufuko unakwenda mbali sana, na kila siku yanachelewa kama dakika 50. Mkirudi baada ya wiki moja saa ileile kumalizia tukio, mtakuta mchanga mahali mlipoacha mawimbi. Rudini baada ya wiki mbili.

Mkichagua ile aina ya pili, akiwapo hata mtu mmoja asiyejua kuwa ni mchezo, msitumie polisi wa uongo, ugonjwa wa uongo wala msiba wa uongo. Mtungieni jambo ambalo akilifanya vizuri ataonekana shujaa. Mkimaliza mwambieni palepale, mwonyesheni picha zote, asaini akiridhika. Akikataa, futeni mbele yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo. Magofu ya Kaole nayo yana wasimamizi, kaombeni kibali kabla ya kubeba ndoo kwenda huko.

Msomaji wenu,
Dunda, Bagamoyo